Saa Isiyolijua Jembe

Katika maduka ya simu yaliyopangana kuzunguka soko la Kasulu, na katika yale machache zaidi ya Kibondo, bidhaa inayovuta macho siku hizi baada ya simu janja yenyewe ni saa ya mkononi inayodai kuyajua mambo ya mwili wa mvaaji wake: hatua alizotembea, usingizi aliolala, hewa iliyomo damuni mwake, na zaidi ya yote mapigo ya moyo wake, ambayo huonekana kiooni kwa tarakimu zinazopanda na kushuka. Vijana huzinunua kwa ajili ya pambo, nami sina ugomvi na pambo. Watu wazima walioambiwa na tabibu kwamba shinikizo lao la damu limepanda huzinunua kwa ajili ya siha, na hao ndio ninaotaka kusema nao leo. Hoja yangu ni kwamba mtu wa nyanda hizi za juu za Kigoma, kwa namna ya kazi zake na kwa hali ya hewa yake, ana sababu kubwa kuliko mtu wa mjini ya kutoridhika na saa peke yake. Na kwamba fedha yake, kama anayo ya kutumia katika jambo hili, ingemfaa zaidi katika mkanda wa kifuani uwezao kuunganishwa na simu au saa yoyote, kuliko katika saa ya bei kubwa isiyokubali kusikiliza chombo kingine.

Yafaa kwanza kueleza tofauti ya vyombo hivi viwili, maana wauzaji wetu aghalabu hawaielezi. Saa ya mkononi huiangalia damu. Tumboni mwake mna vitaa vidogo vya kijani vinavyomulika ngozi, na kando yake jicho dogo linalopima mwanga uliorudi; damu hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo unapopiga na mishipa midogo ikajaa, mwanga unaorudi hupungua kidogo, na kutokana na kupungua na kuongezeka huko saa hufanya hisabu yake na kutoa jawabu. Mkanda wa kifuani hauna taa. Una vipande viwili vya mpira unaopitisha umeme, vinavyogusa ngozi upande huu na huu wa kifua, na kati yake kidude chepesi chenye betri na redio ndogo. Kazi yake ni kunasa ule umeme dhaifu unaotangulia kila pigo, ambao ndio huohuo unaochorwa kwenye karatasi pale mgonjwa anapolazwa kitandani hospitalini na kubandikwa nyaya. Saa, basi, hulikisia pigo kwa athari yake iliyokwisha kusafiri mpaka mwisho wa mkono, ilhali mkanda hulipokea jirani na mahali lilipozaliwa.

Kuushika mkono wa mtu na kuutafuta moyo wake ni ilimu ya kale. Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037, aliyapa mapigo ya mshipa nafasi kubwa katika kitabu chake cha Qanuni, akayapambanua kwa sifa kumi, ukiwamo ukubwa wake, wepesi wake, nguvu yake na mpangilio wake. Lakini hakuwa na chombo cha kuyahesabia kwa dakika. Hicho kilikuja na tabibu wa Kiingereza John Floyer, ambaye mwaka 1707 alitoa kitabu kuhusu saa aliyoiagiza itengenezwe kwa muradi huo tu, saa iliyokwenda dakika moja kamili kisha ikasimama, ili tabibu aliyeshika mkono wa mgonjwa asihangaike kukodoa macho. Wa tatu katika silsila hii ni Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa kisiwani Java, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kuvumbua namna ya kuuchora umeme wa moyo. Naye, kwa kuwa alihitaji umeme huo upite kwa urahisi kutoka mwilini hadi kwenye mtambo wake, alikuwa akiwatumbukiza watu mikono yao na mguu mmoja katika vyombo vya maji ya chumvi. Jambo hilo la maji nitalirudia, kwa sababu wengi wa wale wanaolalamika kwamba mkanda wao haufanyi kazi wamelisahau.

Kuutoa mtambo huo hospitalini na kuufunga kifuani mwa mtu anayekwenda mbio kulikuwa kazi ya Wafini. Profesa Seppo Säynäjäkangas alianzisha kampuni ya Polar mwaka 1977 huko Kempele, karibu na mji wa Oulu, akiwa na nia ya kuwahudumia watu wanaoteleza juu ya theluji kwa mbao, na mwaka 1982 kampuni hiyo ikauza chombo cha kwanza kilichopima mapigo kifuani na kuyapeleka bila waya hadi kwenye saa ya mkononi. Kwa hiyo mpango wa asili ulikuwa wa vyombo viwili vinavyozungumza: kifua kinasema, mkono unasikiliza. Vile vitaa vya kijani vilienea baadaye sana, vikawaondolea watu usumbufu wa kuvaa mkanda, na katika kuwaondolea usumbufu vikawaondolea na kitu kingine wasichokitambua upesi.

Kitu hicho sisi tunakitambua shambani. Mkimbiaji wa barabara za London, ambaye saa hizi zimetengenezwa akiwa mbele ya macho ya mtengenezaji, mikono yake i huru, vidole vimelegea, na damu inapita kifundoni bila kizuizi. Mama wa Makere au wa Mabamba anayepanda maharage yake ameukamata mpini wa jembe kwa nguvu, misuli ya kigasha imekaza, kano zimesimama, kifundo kinapinda na kunyooka, na kila jembe linapoingia ardhini mshindo wake hupanda mkononi hadi begani. Chini ya hali hiyo damu iliyo karibu na ngozi hubanwa, saa hunyanyuka kidogo na kuruhusu mwanga wa jua kuingia, na jicho lake hupokea vurugu tupu. Hali ni hiyohiyo kwa msukuma baiskeli. Yeyote aliyepita barabara zetu anawajua wanaume wanaopandisha vilima na magunia ya mkaa, mihogo au mikungu ya ndizi iliyofungwa nyuma, mkono mmoja umeshika usukani na mwingine umeushika mzigo, kiwiliwili kimeinama karibu na ardhi. Hao ndio wanamichezo wetu wakubwa, na ndio ambao saa haiwaoni.

Mpwa wangu mmoja, anayesoma ualimu na kupenda mambo haya kuliko vitabu vyake, alipata mkanda wa kifuani uliotumika, na siku moja tulipokuwa tukipanda njia ya Heru Juu tukamkuta mzee amesimama na baiskeli yake yenye magunia mawili ya mkaa, akivuta pumzi kabla ya mwinuko wa mwisho.

"Shikamoo, mzee," kijana akaamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Akamweleza alitakalo. Mzee akauangalia mkanda ule, akaugeuza, akauliza kama una umeme wa kumdhuru, na alipohakikishiwa kwamba hauna akakubali kuuvaa chini ya shati lake, na saa ya kijana akavishwa mkononi. Kisha akauinamia mzigo wake, nasi tukafuata nyuma na simu. Alipofika juu simu, iliyokuwa ikiusikiliza mkanda, ilionyesha 151. Saa mkononi mwake ilionyesha 94, na katika orodha yake ya kazi ikawa imemwandika kuwa mtu aliyetembea polepole. Alipoegemeza baiskeli na kukaa, mkanda ukateremka mpaka 118 kabla dakika haijatimia. Hilo la mwisho lina maana kubwa kuliko la kwanza: madaktari wa Cleveland, Marekani, walichapisha mwaka 1999 uchunguzi ulioonyesha kwamba watu ambao mapigo yao hayashuki zaidi ya 12 katika dakika ya kwanza baada ya kuacha mazoezi wako katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko wale ambao mapigo yao hushuka upesi. Mzee wetu alishuka 33. Mpwa wangu alipomaliza kumweleza haya yote kwa furaha, mzee akamtazama, akamwuliza, "Kwa hiyo kuna watu wananunua kitu cha kuwaambia kwamba wamechoka?"

Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa kadiri niwezavyo. Yeye hahitaji kuambiwa. Anayehitaji ni yule mtumishi wa ofisi ya wilaya aliyeacha jembe miaka ishirini iliyopita, anayekwenda kazini kwa pikipiki, aliyeambiwa na daktari afanye mazoezi ya kadiri, na asiyejua tena kadiri ni nini. Akikimbia siku ya kwanza hujiua kwa bidii, siku ya pili hubaki kitandani, na siku ya tatu huitundika raba yake ukutani. Huyo akipata kipimo cha kweli atajizuia mapema na kuendelea muda mrefu. Akipata kipimo cha uongo, heri asipate.

Na uongo wa saa una njia nyingi za kuingia. Mtu akimbiapo hatua zake huenda kiasi cha 160 hadi 180 kwa dakika, na mkono wake hutikisika kwa kadiri hiyohiyo. Saa, ikipokea mtikisiko wenye mwendo mmoja na nguvu kuliko ule wa damu, huweza kuushika mtikisiko na kuuacha moyo, ikawa inamhesabia mtu nyayo zake na kumwambia kwamba hayo ndiyo mapigo yake. Waliopitia JKT Kanembwa, na waliosoma katika shule ambazo mchakamchaka wa alfajiri ulikuwa lazima, wanajua jinsi kundi zima linavyokanyaga kwa mdundo mmoja. Katika hali hiyo saa za watu 30 zingeweza kutoa tarakimu moja, na asiyejua siri yake angestaajabia mioyo iliyoungana namna ile. Fauka ya hayo kuna baridi. Asubuhi za Juni na Julai huku juu si asubuhi za Ujiji. Mwili ukihisi baridi huivuta damu ndani na kuinyima ngozi, na saa inayotegemea damu ya ngozi hubaki ikipapasa.

Watu huuliza pia kama weusi wa ngozi yetu ndio unaoipoteza saa. Ni swali la busara, kwa kuwa rangi ya ngozi hufyonza mwanga wa kijani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliwapima watu 53 wa rangi mbalimbali na kutoa matokeo yao mwaka 2020: hawakuona tofauti ya maana kwa sababu ya rangi, ila waliona tofauti kubwa kati ya chombo na chombo, na kati ya mtu aliyetulia na mtu anayejishughulisha. Mwaka huohuo, hata hivyo, madaktari wa Michigan walionyesha kwamba vipimo vya kidoleni vya hewa ya damu viliwakosea wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe, vikisema hewa inatosha ilhali haitoshi. Kwa sababu hiyo mimi huitilia shaka tarakimu ya hewa kwenye saa zaidi kuliko ile ya mapigo. Na kama mtu ana ugonjwa wa mapafu asiitegemee kabisa. Kuhusu zile saa za bei ya chini kabisa, mwenye kuzipa itibari na avishe moja kwenye ndizi mbichi na kusubiri. Nimeiona kwa macho yangu ikiitangazia ndizi mapigo 78.

Sasa nije kwenye kuunganisha, ambako ndiko watu wengi hukata tamaa, kwa sababu karatasi ya maagizo huwa ya Kiingereza au ya Kichina, tena ya maandishi madogo kama ya mkataba wa mkopo. Mkanda hauna budi kulowanishwa pale penye vile vipande viwili vya mpira, kwa maji au kwa mate, ndivyo Einthoven alivyotaka. Kiangazi chetu hukausha ngozi, na umeme wa moyo haupiti palipokauka. Hufungwa chini kidogo ya misuli ya kifua, na kwa wanawake chini ya ukingo wa sidiria, kwa kukaza kiasi cha kutoteleza mtu avutapo pumzi ndefu. Kidude chake hakina swichi. Huamka chenyewe kikigusa mwili, kwa hiyo anayekitafuta kwa simu kingali mezani hatakiona. Wengi hukitafuta mahali pasipo pake: hufungua mipangilio ya simu, kwenye Bluetooth, na kungoja kitokee kama kinavyotokea kipaza sauti, ilhali chombo cha namna hii hutafutwa ndani ya programu yenyewe ya mazoezi, penye sehemu ya vihisi. Katika simu nyingi za Android za zamani, ambazo ndizo nyingi mikononi mwetu, utafutaji huo haufanyiki mpaka mtu awashe huduma ya mahali alipo. Hilo limewasumbua watu ajabu, kwa kuwa hakuna anayeweza kukisia kwamba simu inataka kujua iko Kibondo ndipo ikubali kuusikia moyo.

Halafu kuna jambo la lugha mbili. Mikanda husema kwa redio ya ANT+, iliyobuniwa na kampuni ya Dynastream ya Kanada ambayo Garmin waliinunua mwaka 2006, au kwa Bluetooth ile ya matumizi madogo ya umeme iliyotangazwa mwaka 2010, na iliyo bora husema zote mbili. Tofauti yake ni hii: kwa ANT+ mkanda hutangaza hadharani, na yeyote mwenye kipokeo anaweza kusikiliza, hata kumi kwa pamoja, ilhali kwa Bluetooth mikanda mingi, hasa ya zamani, huzungumza na mmoja tu kwa wakati mmoja. Hivyo mtu aliyeuunganisha mkanda wake na simu jana, akajaribu leo kuuunganisha na saa, huambiwa haupo, ingawa upo kifuani pake, kwa sababu simu iliyoko mfukoni imeushika na haitaki kuuachia. Azime Bluetooth ya simu, saa itauona. Simu zetu karibu zote zina Bluetooth hiyo na chache mno zina ANT+, kwa hiyo mtu wa huku akilazimika kuchagua lugha moja, achague Bluetooth.

Mkanda nao hukosea, nisije nikadhaniwa ninauza. Fulana ya nailoni ikisuguana na kifua kikavu asubuhi ya Julai huzalisha umeme wake wenyewe, na kwa dakika chache za mwanzo mkanda huweza kudai kwamba moyo unapiga 200 na zaidi. Mvaaji asubiri jasho, au aloweshe tena. Jasho likishatoka na tarakimu ikabaki ya ajabu, na hasa kama kuna kizunguzungu au maumivu ya kifua, hapo mkanda umemaliza kazi yake na njia ni ya hospitali. Kuna na hitilafu ya kuchekesha. Tangu mwishoni mwa 2016, pale Makamu wa Rais wa wakati ule, Mama Samia Suluhu Hassan, alipohimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa taifa zima, vikundi vya jogging vimeota katika miji mingi. Na palipo na mikanda zaidi ya mmoja katika kundi, saa ya mtu huweza kuushika moyo wa jirani. Mtu mzito wa miaka 50 akiona anapiga 120 juu ya kilima asifurahi upesi, atazame kwanza namba iliyoandikwa kwenye kidude chake na ile iliyo kwenye kioo.

Nilisema mkanda uwe wa kuunganishwa na chombo chochote, na hapa sharti nieleze kwa nini ninalishikilia neno hilo. Oktoba 2019 kampuni ya Strava, yenye programu inayotumiwa na mamilioni ya wakimbiaji na waendesha baiskeli, iliondoa katika programu yake ya simu uwezo wa kuunganishwa na mikanda ya mapigo, ikisema kwamba kazi hiyo inaharibu uthabiti wa programu. Watu wakaamka na mikanda yao mizima isiyosikilizwa na mtu, mpaka katikati ya 2020 uwezo huo uliporudishwa. Mwisho wa mwaka huo wa 2020 programu ya Endomondo, iliyozaliwa Denmaki na kununuliwa na Under Armour mwaka 2015, ilifungwa kabisa, pamoja na kumbukumbu za watu za miaka mingi. Mtu wa Berlin hubadili programu na kununua saa nyingine wiki hiyohiyo. Wa Kasulu, ambaye chombo chake kililetwa na ndugu kutoka Dar es Salaam kwa basi, hana wepesi huo, na hivyo asifunge ndoa na kampuni moja. Mkanda unaofuata utaratibu wa wazi wa Bluetooth hauhitaji idhini ya mtengenezaji wake ili kusikilizwa, na zipo programu huria, kama OpenTracks, zinazoupokea bila akaunti, bila ada, na hata bila intaneti, jambo lisilo dogo katika vijiji ambavyo mtandao huja na kuondoka.

Kutohitaji intaneti kuna faida ya pili, nayo ni siri. Mnamo Januari 2018 dunia ilishtuka kuona kwamba ramani ya Strava ya njia za wakimbiaji, iliyochorwa kutokana na safari za watumiaji wake, ilikuwa imeianika mizunguko ya askari ndani ya kambi zao katika nchi za vita. Sisi hatuna vita, alhamdulillahi, lakini tuna mpaka, tuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na tuna watumishi wa mashirika wanaokimbia asubuhi kwa njia zilezile kwa saa zilezile. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa ni taarifa nyeti. Ni sheria njema, ila haina mkono wa kufika kwenye kompyuta iliyoko California. Tarakimu za moyo zibaki katika simu ya mwenye moyo, naye aamue atakayemwonyesha, akiwa daktari wake au mkewe.

Neno kuhusu kuzifasiri tarakimu zenyewe. Programu nyingi humwambia mtu ukomo wa mapigo yake kwa kutoa umri wake katika 220, kanuni iliyoenea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambayo haikutokana na kipimo cha makini. Mtu mmoja mzima anaweza kuupita ukomo huo kwa mapigo kumi au zaidi, mwingine asiufikie, na wote wawili wakawa na afya. Kwetu kanuni hiyo ina taabu ya ziada, maana si haba wazee ambao kitambulisho chao kinasoma tarehe 1 Januari au 1 Julai ya mwaka uliokisiwa na karani, na programu hupiga hisabu yake juu ya msingi huo kwa ujasiri wote. Mimi naona kipimo cha mchakamchaka ni bora cha kuanzia: anayeweza kuitikia wimbo angali katika kadiri, anayeweza kusema maneno mawili matatu tu amekaribia mpaka, aliyenyamaza ameuvuka. Mtu na avae mkanda, aimbe akipanda kilima, aangalie tarakimu pale wimbo unapomkatikia. Hiyo ndiyo yake, haikukopwa kwa mtu, na juma lijalo atajua asiipite.

Nataka kutoa shauri kwa vikundi vya Jumamosi, kwa vyuo vya ualimu na kwa walimu wa michezo. Kidude cha mkanda hutoka. Kilichobaki ni kitambaa cha kufua. Kikundi kikinunua kidude kimoja kizuri na vitambaa vitano vya ziada, kila mtu na chake, watu watano watapimwa kwa zamu bila kuvaliana jasho, na mwalimu wa fizikia atapata somo la umeme ambalo hakuna mwanafunzi atakayelisinzia. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni na maji ya kawaida, kianikwe kivulini, na kidude kibanduliwe kila baada ya kazi, la sivyo unyevu huendelea kukiamsha na kuila betri. Betri yenyewe ni ile ndogo ya duara, CR2025 au CR2032, ya aina iliyomo katika rimoti za magari, nayo katika mkanda mzuri hudumu kwa mamia ya saa za mazoezi. Watu tuliozoea majenereta, na ambao mpaka leo hatumwamini sana mwenye swichi, tunaweza kuithamini bidhaa isiyodai chaja kila usiku.

Na kwa anayekwenda dukani kesho na fedha zake, namwomba amwulize mwenye duka kabla ya kuulizia bei: "Kaka, saa hii inapokea mkanda wa nje?" Saa nyingi zilizopangwa pale hazipokei, hata zile zenye kioo kizuri kuliko zote, na muuzaji mwaminifu atasema hivyo. Akisema inapokea, amwonyeshe katika orodha ya saa yenyewe mahali palipoandikwa vihisi au mkanda wa mapigo. Pasipoonekana, arudishe saa juu ya kabati, na fedha yake aitafutie mkanda wa kuunganisha na simu aliyo nayo tayari.